Sura ya Saba: Dawa za Mama na Masikio ya Mtoto Njiti

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira ambao mtoto wao alizaliwa kabla ya siku zake, na ambao baadaye wamebaini kwamba hasikii vizuri, hurudi kwenye swali lile lile: je, ni dawa alizotumia mama akiwa mjamzito ndizo zilizoharibu masikio ya mtoto? Swali hilo huulizwa katika kliniki za wajawazito, katika wodi za watoto wachanga na hata kwenye vikao vya familia, na mara nyingi hubeba lawama ndani yake, kwa sababu anayeulizwa ni mama, naye hukumbushwa kila kidonge alichomeza na kila sindano aliyodungwa. Jibu lake haliwezi kuwa la neno moja, kwa kuwa dawa za ujauzito si kundi moja: zipo chache zinazojulikana kudhuru uwezo wa kusikia, zipo nyingi zisizo na hatia hiyo, na zipo zile ambazo kukosekana kwake ndiko kunakoyaweka masikio ya mtoto hatarini.

Mtoto njiti ni mtoto anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watoto njiti milioni 13.4 walizaliwa duniani, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi. Kwa upande wa kusikia, miongoni mwa watoto wachanga wote, kati ya mmoja na watatu katika kila 1,000 huwa na upungufu wa kudumu, ilhali miongoni mwa waliolazwa katika vitengo vya uangalizi maalumu, wengi wao wakiwa njiti, idadi hiyo hufikia wawili hadi wanne katika kila 100. Tofauti hiyo ni kubwa na haipaswi kufichwa; lakini takwimu hizo hizo zinaonyesha pia kwamba watoto tisini na sita au zaidi katika kila mia hutoka katika vitengo hivyo wakiwa wanasikia, jambo ambalo mzazi mwenye hofu huambiwa mara chache mno.

## Sikio linavyojengwa kabla ya kuzaliwa

Sehemu ya sikio inayogeuza sauti kuwa ujumbe wa neva imo ndani kabisa ya mfupa wa kichwa, nayo imejikunja kama gamba la konokono. Ndani yake mna seli ndogo zenye vinywele, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo hutikisika sauti inapofika na kuipeleka habari kwenye neva ya kusikia, na kutoka hapo hadi kwenye shina la ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu, na ndiyo sababu madhara yake huwa ya kudumu.

Umbo la sikio hujengwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na kufikia wiki ya 20 sehemu hiyo ya ndani huwa imekamilika kwa kiasi kikubwa. Kuanzia wiki ya 25 hivi mtoto huanza kuitikia sauti akiwa tumboni, huku neva na njia za ubongo zikiendelea kukomaa hadi mwisho wa ujauzito na hata baada ya kuzaliwa. Mpangilio huo unaeleza mambo mawili yatakayorudi katika sura hii yote. La kwanza ni kwamba dawa yenye madhara ikitumiwa mapema huweza kuharibu umbo la sikio, na ikitumiwa baadaye huweza kuharibu seli zake. La pili ni kwamba mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 28 hukamilisha ukuaji wa usikivu wake akiwa nje ya tumbo la mama, kwenye kelele za mashine, chini ya taa, akiwa na figo changa, ini changa na mapafu yasiyokomaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya hatari inayoyakabili masikio yake hutokea baada ya kuzaliwa.

## Dawa zinazojulikana kudhuru

Orodha ya dawa ambazo mama akizitumia zimethibitika kuweza kudhuru usikivu wa mtoto ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Iliyo muhimu zaidi kwa Afrika Mashariki ni streptomaisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, ambayo ilikuwa dawa ya kwanza kuweza kuua bakteria wa kifua kikuu, na kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya tiba ya ugonjwa huo nchini Kenya. Streptomaisini ni ya jamii ya aminoglikosidi, yaani viuavijasumu vya sindano ambavyo huingia kwenye seli zenye vinywele na kuziua, kuanzia zile zinazonasa sauti nyembamba. Dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na watoto waliozaliwa na mama waliotibiwa kwayo wamewahi kuonekana wakiwa na upungufu wa kusikia. Kwa sababu hiyo haipaswi kutumiwa wakati wa ujauzito. Dawa ndugu yake, kanamaisini, ina doa hilo hilo.

Mjamzito mwenye kifua kikuu hana sababu ya kuikimbia tiba kwa habari hiyo. Tiba ya kawaida ya siku hizi ni ya vidonge vya miezi sita, haina streptomaisini, na hutumika wakati wa ujauzito. Kifua kikuu kisichotibiwa ndicho kinachoweza kumfanya mama ajifungue kabla ya wakati, au hata kufa.

Nyingine zinazostahili kutajwa ni hizi:

- Thalidomaidi, iliyouzwa katika nchi nyingi kati ya mwaka 1957 na 1961 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu, ambayo iliwaacha watoto na viungo vilivyolemaa na wengine na masikio yasiyoumbika.
- Dawa za chunusi za jamii ya retinoidi, zinazomezwa, ambazo huharibu umbo la sikio katika wiki za mwanzo.
- Valproeti, dawa ya kifafa inayoweza kuleta kasoro nyingi za kimaumbile, upungufu wa kusikia ukiwa mmojawapo. Mwanamke mwenye kifafa anayetarajia kupata mimba anahitaji kumwona daktari mapema ili abadilishiwe dawa. Kuiacha ghafla kwa hiari yake kunaweza kumletea degedege la hatari.

Pombe si dawa, lakini inaingia hapa kwa kuwa chang'aa na busaa hunywewa na baadhi ya wajawazito, na pombe hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto, ikimdhuru ubongo na wakati mwingine masikio.

## Malaria ya nyanda za juu na suala la kwinini

Kwinini inastahili nafasi yake yenyewe, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira ndiyo dawa inayolaumiwa kwanza. Kila aliyewahi kuitumia anakumbuka masikio yakivuma na sauti za watu zikisikika kwa mbali, hali ambayo ni athari halisi ya dawa hiyo na ambayo kwa kawaida huisha tiba inapomalizika. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba kilichomziba mama masikio kwa wiki moja kimemziba mtoto kwa maisha yote.

Ushahidi hauungi mkono hitimisho hilo kwa vipimo vya kawaida vya tiba. Visa vya watoto waliozaliwa viziwi kutokana na kwinini vinavyojulikana katika tiba vinahusu hasa wanawake waliomeza kiasi kikubwa mno kwa nia ya kutoa mimba, jambo ambalo pia lilihatarisha maisha yao wenyewe. Kwa miaka mingi kwinini ilipendekezwa kwa malaria ya miezi mitatu ya kwanza kwa sababu usalama wa dawa mpya zaidi katika kipindi hicho haukuwa umethibitishwa; mnamo Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya artemeta-lumefantrini, ambavyo Wakenya wengi huviita AL, vitumike hata katika miezi hiyo. Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo inayotangulia katika kipindi chochote cha mimba.

Lililo zito zaidi ni malaria yenyewe. Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko malaria haikai mwaka mzima kama inavyokaa kando ya Ziwa Viktoria; hulipuka baada ya mvua na joto, kama ilivyotokea katikati ya mwaka 2002 katika wilaya za wakati huo za Kisii na Gucha. Kwa kuwa watu wazima wa nyanda hizo hawajazoea vimelea hivyo, mjamzito anayeambukizwa huugua kwa ukali, na malaria ya ujauzito ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati. Mjamzito wa Homa Bay au Migori hupewa vidonge vya kinga vya SP kliniki, kwa sababu kaunti hizo zimo katika eneo la malaria ya kudumu. Wa Kisii na Nyamira hawamo katika mpango huo, kwa hiyo anayeteremka kwenda kufanya biashara Oyugis au Rongo, au kutembelea jamaa Kisumu, hana kinga hiyo na hutegemea neti na kupimwa mapema anapohisi homa. Homa ya mjamzito wa nyanda za juu aliyerudi kutoka ziwani ni jambo la kupimwa siku hiyo hiyo.

Kwa ufupi: kwinini iliyotolewa hospitalini kwa kipimo sahihi haina ushahidi wa kuwafanya watoto viziwi, na malaria isiyotibiwa huweza kumfanya mama azae mtoto njiti, ambaye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza usikivu.

## Sindano mbili za wodi ya uzazi

Mama anayefikishwa hospitalini akiwa na dalili za kujifungua katika wiki ya 30 huweza kudungwa sindano kadhaa ndani ya saa chache, naye baadaye huzikumbuka kwa mashaka. Mbili kati yake zinahitaji kutetewa waziwazi.

Ya kwanza ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayoharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto. Wazo hilo lilitokana na kazi ya Graham Liggins aliyewafanyia uchunguzi kondoo huko Auckland, New Zealand, na ambaye pamoja na Ross Howie alichapisha matokeo ya majaribio kwa wanawake mwaka 1972. Mashaka yalibaki kuhusu iwapo dawa hiyo ingefaa katika hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, hadi utafiti mkubwa uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2020, ulipoonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6 pale mama walipopewa deksamethasoni kati ya wiki ya 26 na ya 33. Kwa maneno mengine, katika kila wanawake 25 waliopewa dawa, mtoto mmoja zaidi aliokolewa. Mtoto ambaye mapafu yake yamekomaa hukosa hewa kidogo na hukaa muda mfupi kwenye mashine ya kupumulia, na ukosefu wa hewa ni mojawapo ya mambo yanayoharibu njia za kusikia.

Ya pili ni magnesiamu salfeti, inayotolewa kuzuia kifafa cha mimba kwa mama mwenye shinikizo la damu la ujauzito, na pia kuulinda ubongo wa mtoto anayekaribia kuzaliwa mapema sana. Sindano hiyo huunguza mwilini inapoingia, mama huhisi joto na kulegea, na kwa sababu hiyo hukumbukwa vibaya. Watoto waliofuatiliwa katika majaribio ya dawa hiyo hawakuonekana kuwa viziwi zaidi ya wale ambao mama zao hawakuipata.

Zipo pia dawa za kawaida ambazo mama huziulizia. Aspirini kwa kipimo kidogo, inayotolewa kliniki ili kuzuia shinikizo la damu la ujauzito, haimzibi mtoto masikio. Vidonge vya madini ya chuma na folati ambavyo wajawazito wengine huviacha kwa sababu ya kichefuchefu vinafaa kumezwa, kwa kuwa mtoto njiti aliyepungukiwa na chuma tumboni huonekana kuwa na neva ya kusikia inayopeleka ujumbe polepole.

## Gentamaisini: dawa inayookoa na inayohitaji mizani

Hapa ndipo swali la wazazi linapohitaji kusogezwa kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Mtoto njiti anayelazwa katika kitengo cha watoto wachanga, iwe ni katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, akishukiwa kuwa na maambukizi ya damu huanzishiwa sindano mbili, penisilini na gentamaisini, kama miongozo ya Kenya ya tiba za watoto inavyoagiza. Gentamaisini ni aminoglikosidi, ndugu wa streptomaisini, na yule mama anayechunguza kila kidonge alichomeza miezi minne iliyopita huenda hajui kwamba dawa iliyo karibu zaidi na masikio ya mwanawe imo kwenye sindano ya siku hiyo.

Kueleza hivyo si kuwatia wazazi hofu waikatae. Maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto njiti ndani ya siku moja au mbili, na yakifika kwenye utando wa ubongo yenyewe huweza kuharibu usikivu. Gentamaisini ni nafuu, ina nguvu dhidi ya bakteria wanaowashambulia watoto wachanga, na ikitolewa kwa kipimo na muda sahihi, wengi mno huimaliza bila madhara. Tatizo ni kwamba nafasi ya kukosea ni finyu. Mtoto wa kilo 1.2 katika wiki yake ya kwanza anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 3.6 kwa siku. Chupa ya watu wazima ina miligramu 80 katika mililita 2, kwa hiyo dozi ya mtoto huyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita moja. Bila dawa hiyo kuzimuliwa kwanza kwa maji ya sindano, ni vigumu hata kwa mkono wenye uzoefu kuivuta kwa usahihi, na kosa dogo la macho linaweza kuwa dozi mara mbili. Kwa hiyo mizani inayofanya kazi, muuguzi asiyelemewa na watoto wengi kupita kiasi, na karatasi ya dawa iliyojazwa vizuri ni vifaa vya kulinda masikio sawa na kipimo chochote cha kisasa, na serikali za kaunti zinazopanga bajeti zinapaswa kuviona hivyo.

Figo za mtoto njiti huitoa dawa hiyo polepole, ndiyo maana hutolewa mara moja tu kwa saa 24. Chochote kinachozichosha figo hizo huiacha dawa ikae kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Furosemaidi, dawa ya kukojoza inayotumiwa kupunguza maji mwilini, ikichanganywa na gentamaisini huongeza madhara kwa sikio kuliko kila moja ikitumiwa peke yake. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo katika miji ya Kisii, Keroka na Nyamira hununuliwa kwenye kemisti bila swali lolote, zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto akiwa bado tumboni, na tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeshauri wajawazito waziepuke kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa agizo la daktari. Hapo ndipo dawa ya mama na dawa ya mtoto zinapoweza kukutana.

Kuna pia watu wachache wanaozaliwa na badiliko katika urithi wao linaloyafanya masikio yao yadhurike hata kwa dozi sahihi ya aminoglikosidi. Badiliko hilo hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Huko Manchester, Uingereza, watafiti wameonyesha kwamba linaweza kupimwa kando ya kitanda cha mtoto kwa dakika 26. Kipimo hicho hakijawa cha kawaida katika hospitali za Afrika Mashariki, lakini swali lake linaweza kuulizwa bila mashine: je, kuna ndugu wa upande wa mama aliyepoteza usikivu baada ya kudungwa sindano? Familia inayojua jambo kama hilo inapaswa kumwambia daktari kabla ya dozi ya kwanza.

## Umanjano unaofika kwenye neva

Sababu nyingine kubwa ya upungufu wa kusikia kwa watoto njiti ni umanjano, unaotokana na bilirubini, yaani rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini changa la mtoto njiti huchelewa kuiondoa, nayo ikizidi huingia ubongoni na kuharibu neva na shina la ubongo panapopita ujumbe wa sauti. Sikio lenyewe linaweza kubaki zima kabisa, huku njia ya kuelekea ubongoni ikiwa imekatika.

Mwaka 1956 mjini New York, daktari William Silverman na wenzake walitoa fundisho chungu kuhusu dawa na umanjano. Watoto njiti waliopewa dawa ya jamii ya salfa ili kuwakinga na maambukizi walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine, na ubongo wao ulikutwa umetiwa manjano, kwa kuwa salfa iliibandua bilirubini kutoka kwenye protini inayoibeba katika damu. Tangu hapo salfa hazitolewi kwa watoto njiti wenye umanjano, na seftriaksoni huepukwa kwao kwa sababu kama hiyo. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi na anayemeza Septrin, ambayo ina salfa, kwa agizo la kliniki asiiache kwa kusoma habari hii, kwa kuwa manufaa yake kwake na kwa mimba ni makubwa. Awaambie tu wahudumu wa watoto ili umanjano wa mwanawe uangaliwe kwa karibu.

Desturi ya kumweka mtoto mwenye umanjano kwenye jua la asubuhi imeenea, na kwa mtoto njiti ni ya hatari, kwani hupoa haraka na wakati wa tiba hupotea. Taa ya buluu ya hospitali hutoa mwanga mahususi, kwa nguvu inayojulikana, mchana na usiku. Kwa mtoto wa ngozi nyeusi umanjano hutazamwa kwenye weupe wa macho, ufizi na nyayo. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa kwa naftalini, zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, zisitumiwe, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo yaliyokaliwa na malaria kwa vizazi vingi, huvunjikiwa na damu kwa kuivuta harufu yake.

## Dawa ambazo kukosekana kwake ndiko hatari

- Sindano ya anti-D kwa mama mwenye damu hasi ya Rh, ambayo huzuia mwili wake kuishambulia damu ya mtoto wa mimba zinazofuata na hivyo kuzuia umanjano mkali. Baada ya kujifungua hutolewa ndani ya saa 72.
- Benzathini penisilini kwa mama aliyekutwa na kaswende, ugonjwa unaoweza kumfanya mtoto kiziwi miaka mingi baada ya kuzaliwa.
- Chanjo ya rubela, ambayo haitolewi wakati wa ujauzito, bali hutolewa kwa watoto wakiwa na miezi 9 na 18. Kenya iliianzisha mwaka 2016 pamoja na ya surua, na wasichana wanaochanjwa leo ndio watakaokuwa mama wasioambukizwa rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba.

Wajawazito wengi hupitia pia kwa omonyamete, mganga wa mitishamba wa jamii ya Abagusii, hasa pale wanapopata maumivu ya kiuno au hofu ya mimba kutoka. Majani na mizizi hiyo haina kipimo kinachojulikana, na baadhi huweza kuuchochea mji wa mimba ukaze kabla ya wakati. Muuguzi anayemkaripia mama kwa sababu hiyo humfundisha kuficha, na mama anayeficha humnyima daktari habari anayoihitaji zaidi. Kumuuliza kwa heshima, kama anavyoulizwa kuhusu Panadol, huleta jibu la kweli.

## Kuyapima masikio

Katika nchi nyingi zenye utaratibu wa kupima watoto wote, lengo ni kwamba mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Katika nyanda za Kisii hali ni tofauti sana: mzazi mara nyingi hugundua tatizo mtoto anapofikisha miaka miwili bila kusema neno, na miezi ambayo ubongo uko tayari zaidi kujifunza lugha imeshapita. Nyumbani watu hupima kwa kupiga sufuria au makofi nyuma ya mtoto, naye akigeuka hutangazwa kuwa mzima. Lakini mtoto ambaye gentamaisini imemharibia seli za sauti nyembamba husikia sufuria, ngoma na mlango, ilhali hasikii vizuri *s*, *f*, *t* na *k* zinazotofautisha neno na neno, kwa hiyo anageuka akiitwa na bado hajifunzi kusema.

Vipimo vya kitaalamu ni vya aina mbili, na vyote hufanyika mtoto akiwa amelala, bila maumivu. Kimoja hutuma sauti sikioni na kunasa mwangwi unaorudishwa na seli zenye vinywele. Kingine hunasa kwa vibandiko vya kichwani jinsi ujumbe unavyosafiri kwenye neva hadi shina la ubongo. Kwa mtoto aliyelazwa kwa siku nyingi au aliyepata umanjano mkali, kipimo cha pili ndicho kinachohitajika, kwa kuwa neva iliyoharibika inaweza kujificha nyuma ya sikio linalorudisha mwangwi vizuri.

Mzazi anapomtoa mtoto njiti hospitalini ana haki ya kuomba mambo yafuatayo yaandikwe kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto: siku ngapi alipewa gentamaisini, kiwango cha juu cha bilirubini kilichopimwa, kama alisaidiwa kupumua kwa mashine, na dawa ambazo mama alipewa kabla ya kujifungua. Kijitabu hicho kikifika mbele ya mtaalamu wa masikio, au katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, kazi huanza pale ilipoishia. Mtoto akithibitishwa kuwa na upungufu, kifaa cha kusaidia kusikia humfaa aliyebakiwa na usikivu wa kutosha, naye ambaye hakimfai anahitaji Lugha ya Alama ya Kenya tangu mwanzo, lugha iliyotambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, ambayo wazazi wanaweza kujifunza pamoja naye kabla hajafikia umri wa kupelekwa shule ya viziwi kama ile ya Gianchere, karibu na mji wa Kisii.

Kuhusu umri, mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake husamehewa miezi hiyo miwili anapotazamiwa kuketi, kutambaa au kutamka neno la kwanza, na wazazi wengi hulijua hilo. Msamaha huo unaweza kutumika pia katika kuhesabu muda wa kipimo cha masikio, na kama bado yuko wodini mwezi wa kwanza unapotimia, hufaa apimwe hali yake inapotulia, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.